Mabinti wa Hilo na Bakuli la Poi

Wajukuu, sogeeni karibu. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo nawapeleka kwenye nyumba ya watu, nyumba ya kawaida kabisa, ila iko mbali: Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Ni mbali kiasi kwamba ninyi mkiwa mnanawa mikono baada ya chakula cha usiku, saa mbili, hapo Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kule ndiyo kwanza saa moja asubuhi ya siku hiyo hiyo, na watoto wanasaka mabegi yao ya shule.

Mji wetu unaitwa Hilo. Uko kwenye kisiwa kikubwa kuliko vyote, kile ambacho chenyewe kinaitwa Hawaii na kikawapa wenzake jina. Hilo ni mji wa mvua. Kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 3,000, karibu mara tatu ya Dar es Salaam, kwa hiyo nguo za watoto hazikauki upesi na hakuna anayeahirisha safari kwa sababu ya manyunyu.

Mlangoni utakuta lundo la kandambili. Za baba, za mama, za bibi, za watoto, na za jirani aliyepita kuleta shelisheli mbili kutoka uani kwake. Haingii mtu ndani na viatu, awe gavana awe fundi bomba. Baadhi ya nyumba hubandika kibao cha utani kumkumbusha mgeni kwamba wakati wa kuondoka asichague kandambili nzuri kuliko alizokuja nazo. Aliyewahi kusali Ijumaa kwenye msikiti uliojaa anauelewa utani huo bila kufafanuliwa.

Sasa, nyumba hii nimeiunga mwenyewe kwa vipande vya nyumba nyingi, kwa hiyo msiniulize majina ya wenyewe. Desturi na tarehe nitakazotaja ni za kweli. Ndani wanaishi mama, baba, bibi mzaa mama, na mabinti watatu: mkubwa ana miaka kumi na mmoja, wa kati saba, kitinda mimba mitatu.

Kwa nini bibi yumo? Sababu ya kwanza ni pesa. Nyumba za Hawaii ni ghali mno, na sehemu kubwa ya chakula huletwa kwa meli, kwa hiyo hata maziwa ya watoto bei yake inachoma. Familia nyingi zimeshindwa, zikahama. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Wahawaii wa asili wanaoishi nje ya visiwa vyao, huko California, Nevada na kwingineko, sasa ni wengi kuliko waliobaki. Waliobaki hujibana, vizazi vitatu chini ya paa moja, na pensheni ya bibi husaidia kulipa umeme.

Sababu ya pili ni ya kale kuliko kodi ya nyumba. Bibi huyu watoto wanamwita tūtū. Mnamjua Barack Obama, yule aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961 na baba Mjaluo kutoka Kenya? Naye alilelewa kwa miaka mingi na wazazi wa mama yake huko huko Honolulu, na bibi yake huyo yeye alikuwa akimwita Toot, kwa kulikata jina hilo hilo. Basi zamani za Wahawaii, mtoto wa kwanza akiwa wa kike alikuwa haki ya wazazi wa mama. Akiwa wa kiume, haki ya wazazi wa baba. Babu na bibi wangemchukua wakamlea, si kwa sababu wazazi wamekufa au wana dhiki, bali kwa sababu mtoto wa kwanza ndiye anayepaswa kurithi yaliyo kichwani mwa wazee. Malezi hayo wanayaita hānai. Wala hayakuwa ya wanyonge. Liliʻuokalani, malkia wa mwisho wa Hawaii, alilelewa hivyo na watu wasio wazazi wake, akiwa ndugu wa binti yao wa kumzaa, Bernice Pauahi. Huyo Pauahi alipofariki mwaka 1884 aliacha wasia kwamba mali ya ardhi zake ijenge shule, moja ya wavulana na moja ya wasichana, na shule za wasia huo zipo mpaka leo.

Kwenye kisiwa hiki hiki, wilaya ya Kaʻū, mwaka 1895 alizaliwa msichana aitwaye Mary Kawena Pukui. Baba alikuwa mzungu kutoka Massachusetts, mama Mhawaii. Bibi yake mzaa mama, aliyewahi kucheza ngoma ya hula katika jumba la Malkia Emma, alimwomba mtoto, akapewa. Bibi alifariki msichana akiwa bado mdogo, lakini alikuwa amekwisha kumjaza. Alipokua, Mary alikusanya misemo na methali za kwao karibu 3,000, na mwaka 1957 yeye na mwenzake Samuel Elbert wakatoa kamusi kubwa ya Kihawaii. Kamusi hiyo sasa imo kwenye simu ya mama wa nyumba yetu. Binti mkubwa akikwama na kazi ya shule, huichungulia humo.

Haya, asubuhi imeingia. Mama anafunga chakula cha watoto. Cha leo ni musubi: donge la wali lililobanwa likawa la pembe nne, juu yake kipande cha nyama ya kopo kilichokaangwa na sosi ya soya, kisha likazungushiwa utepe wa mwani mkavu. Wali na mwani ni wa Wajapani, waliokuja kwa maelfu kulima miwa. Nyama ya kopo ilishamiri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi walipojaa visiwani. Vikakutana mkononi mwa mama mmoja mwenye haraka, nadhani, maana vyakula vitamu vingi ndivyo vinavyozaliwa. Juu ya musubi mama anaweka ndizi mbivu.

Kuhusu ndizi hiyo nina kisa. Miaka zaidi ya 200 iliyopita, binti wa Hawaii akila ndizi ya namna hiyo angeweza kuuawa. Mnasikia? Sheria yao iliitwa kapu. Wanawake na wasichana hawakuruhusiwa kula nguruwe, wala nazi, wala aina nyingi za ndizi, wala baadhi ya samaki, kwa kuwa vyakula hivyo vilihesabiwa kuwa miili ya miungu ya kiume. Tena mume na mke hawakula pamoja. Jiko la wanaume mbali, la wanawake mbali, na mpishi wa majiko yote mawili ni mwanamume. Mvulana mdogo alikula na mama yake, mpaka siku alipohamishiwa upande wa wanaume.

Waliovunja mwiko huo ni wanawake wawili. Mfalme Kamehameha wa Kwanza alifariki Mei 1819, akarithiwa na mwanawe Liholiho, kijana wa miaka ishirini na ushee. Keōpūolani, mama wa mfalme mpya, na Kaʻahumanu, mjane mwenye nguvu kuliko wajane wote wa mzee, wakamshikilia kijana. Mwezi Novemba mwaka huo huo, kwenye karamu huko Kailua, Liholiho alinyanyuka mbele ya watu wote, akaenda kwenye meza ya wanawake, akaketi, akala. Mbingu haikuanguka. Mwiko ukafa pale pale mezani. Kwa hiyo mwenye miaka saba anapolalamika kwamba hataki ndizi tena leo, bibi humtazama tu kwa jicho la pembeni.

Shuleni, kila siku ya kwanza ya kazi ya mwezi, saa sita kasorobo mchana, king'ora hulia visiwa vyote. Ni majaribio. Watoto hawashtuki, lakini wanajua kinachojaribiwa. Tarehe 1 Aprili 1946, tetemeko la huko Alaska lilituma mawimbi makubwa, na kwa kuwa ilikuwa Siku ya Wajinga, wako waliodhani wanataniwa. Watu 159 walikufa Hawaii, wengi wao Hilo. Mwaka 1960 mawimbi yakarudi, safari hii kutoka Chile, na Hilo ikazika watu 61. Ndiyo maana ukifika Hilo utaona ufukwe wa mji umeachwa kuwa bustani na viwanja vya michezo badala ya maduka. Na ndiyo maana bibi hachoki kuwaambia wajukuu neno moja wakiwa majini: bahari haipewi mgongo.

Jumamosi bibi huwapeleka ufukweni kuchuma mwani, ambao wao huuita limu, wa kula na samaki mbichi. Hapa nisimame kidogo, maana kuna uzi unaotoka huko mpaka kwetu. Katika miaka ya 1970 Mtanzania mmoja, Keto Mshigeni, alisoma elimu ya mwani katika Chuo Kikuu cha Hawaii mpaka akapata udaktari, akarudi nyumbani kuhimiza kilimo cha mwani. Kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, mnaowaona wameinama majini maji yakitoka, sehemu ya kazi yao ilisomewa kwenye bahari ya mabinti hawa.

Jioni mbili kwa wiki ni hula. Msidhani ni kuvaa majani na kutikisa kiuno kama kwenye picha za watalii. Hula ni masimulizi: mkono unasema mvua, unasema wimbi, unasema jina la mfalme. Watoto hawaingii ukumbini hivi hivi. Husimama nje, kandambili pembeni, wakaghani ombi la kuruhusiwa, na wasipoghani vizuri mwalimu hajibu, wakaanza upya, mvua au hakuna mvua. Mwaka 1830 ngoma hii ilipigwa marufuku hadharani, na aliyeipiga marufuku ni Kaʻahumanu, yule yule aliyewapa wanawake ndizi. Alikuwa ameingia Ukristo. Mtu mmoja anaweza kufungua mlango huu na kufunga ule, msishangae. Mfalme Kalākaua aliirudisha kwa fahari mwaka 1883, na leo kila mwaka baada ya Pasaka mashindano makubwa kuliko yote ya hula hufanyika hapa hapa Hilo, kwa heshima ya Kalākaua. Wiki hiyo hakuna mtoto anayelala mapema.

Lakini mwezi ninaoupenda mimi ni Mei. Tangu 1928, tarehe mosi Mei ni siku ya lei, yaani shada la maua la shingoni, na shule huandaa sherehe yenye mfalme, malkia na binti mfalme wa kila kisiwa. Visiwa vikuu ni vinane, na kila kimoja kina rangi yake na ua lake. Oʻahu ni njano, ua lake ni ʻilima, jembamba kama karatasi, na uzi mmoja hula mamia ya maua. Maui ni waridi. Hawaii yenyewe ni nyekundu ya ua la lehua. Niʻihau haina ua. Ina magamba madogo meupe ya baharini, na mkufu wake ni ghali kuliko maua yote.

Binti mkubwa alitamani Maui. Akapangiwa Kahoʻolawe, kisiwa kidogo kuliko vyote vinane. Rangi yake? Kijivu. Alirudi nyumbani amenuna, akatupa begi, akasema hataki kuwa binti mfalme wa vumbi.

Bibi hakumkemea. Alitoa kwenye friji mfuko wa maua yaliyochumwa alfajiri, akampa sindano ndefu ya kutungia, ndefu kama kiganja na vidole vyake, akaanza kutunga na yeye huku anasimulia. Mwaka 1941, vita vilipofika, jeshi la Marekani lilikichukua Kahoʻolawe kikawa shabaha ya mabomu. Vita vikaisha, mabomu hayakuisha. Ndege zilikitwanga, meli zilikitwanga, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1976 vijana wa Kihawaii wakaanza kuvuka bahari kwa siri na kutua pale, ili wanajeshi washindwe kulipua. Mwaka 1977 wawili kati yao, George Helm na Kimo Mitchell, walipotea baharini na hawakuonekana tena. Mabomu yalisimama mwaka 1990, na mwaka 1994 kisiwa kikarudishwa kwa jimbo la Hawaii. Mpaka leo hakuna makazi pale. Watu huenda kwa zamu kupanda miti na majani, tena kwa uangalifu, kwa sababu mabomu mengine bado yamo ardhini.

Na hinahina, mmea wa Kahoʻolawe, ni wa kijivu kwa sababu majani yake yana manyoya laini yanayomudu jua na chumvi ya pwani. Msichana alitunga kimya. Mdogo wake wa kati akauliza kama anaweza kuwa yeye binti mfalme wa Kahoʻolawe. Akaambiwa hapana, nafasi ina mwenyewe.

Lei ina adabu zake, nazo hufundishwa mapema. Aliyekuvisha asikuone unaivua. Mama mjamzito havishwi iliyofungwa duara, huvishwa iliyo wazi mbele. Ikinyauka haitupwi jalalani, hurudishwa kwenye udongo au mtini. Na ua la lehua siku hizi familia nyingi hazilichumi kabisa, kwa sababu ukungu hatari unaua miti yake kisiwani, na mtu anaweza kuubeba kwa viatu vyake tu kutoka msitu hadi msitu.

Twende mezani sasa. Bakuli la mbao limefunikwa, ndani mna poi. Poi hutokana na magimbi, yale ambayo Wakenya huyaita nduma. Hupikwa yakaiva, yakamenywa, yakapondwa juu ya ubao mpana kwa jiwe lenye mpini, yakaongezwa maji kidogo kidogo mpaka yakawa uji mzito wa zambarau. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya tatu ina uchachu, na kila mmoja nyumbani ana siku yake anayoipenda. Mtoto mchanga wa Kihawaii, akianza kula, mara nyingi huanzia hapo. Si chakula cha kila siku tena, maana wali ni rahisi zaidi, lakini bakuli lake likiwekwa mezani kila mtu hurekebisha mkao.

Wazee husimulia hivi. Wazazi wa kale wa watu wa Hawaii, Wākea na Hoʻohōkūkalani, walipata mtoto wa kwanza asiye na uhai. Wakamzika kando ya nyumba. Kaburini ukaota mmea wenye jani pana linalotetemeka kwenye upepo: gimbi la kwanza. Mtoto wa pili akazaliwa mzima, akaitwa Hāloa, kwa jina la kaka yake, na kwake ndiko watu walikotoka. Kwa hiyo gimbi ni kaka mkubwa. Yeye analisha, na mdogo wake, binadamu, anamtunza kwa jembe na maji safi. Na bakuli la poi likifunuliwa, kaka yuko mezani. Haramu kugombana mbele yake.

Jioni moja mkubwa na wa kati walikuwa wanavutana kuhusu nani amepoteza kitana. Maneno yalikuwa yamepanda. Bibi akanyoosha mkono, akafunua bakuli. Kimya. Wa kati alitafuna, akameza, akafikiri kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya adabu kabisa kama bakuli linaweza kufunikwa kidogo, ana neno moja la mwisho. Hata baba alishindwa kujizuia kucheka. Bakuli halikufunikwa.

Aliuliza kwa Kihawaii. Hilo ndilo jambo nililotaka kuwafikisha, na mengine yote nimewapitisha njiani. Mwaka 1893 wafanyabiashara, wakisaidiwa na wanajeshi wa Marekani walioshuka melini, walimwondoa Malkia Liliʻuokalani. Mwaka 1896 serikali mpya ikatunga sheria kwamba shule zote zifundishe kwa Kiingereza. Watoto walioteleza wakasema lugha yao waliadhibiwa. Waliopigwa walipozaa, hawakutaka wanao wapigwe, wakazungumza nao Kiingereza. Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi yetu: mama yake alikijua Kihawaii chote, yeye akapewa makombo. Mama wa watoto akapata nyimbo tu.

Katiba ya jimbo ya 1978 ilikifanya Kihawaii kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katiba haifundishi mtoto kuomba maji. Walimu na wazazi wachache wakaunda chama mwaka 1983, na mwaka 1984 wakafungua chekechea ya kwanza huko Kekaha, kisiwa cha Kauaʻi, iitwayo Pūnana Leo, ambamo hakisikiki ila Kihawaii. Ya Hilo ilifuata mwaka 1985. Wakagundua kwamba sheria bado inawazuia, wakaenda kuwabana wabunge, na mwaka 1986 kikwazo kikaondolewa. Mwaka 1987 madarasa ya Kihawaii yakaingia shule za serikali, Hilo ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Mwaka 1999 wakahitimu wa kwanza waliosoma kwa Kihawaii mpaka mwisho wa sekondari.

Masharti ya chekechea hizo ni magumu kwa wazazi: ada hulipwa, saa za kazi hutolewa kila mwezi, na lugha hujifunzwa pamoja na mtoto. Baba wa nyumba yetu hufyeka majani ya uwanja wa shule, kisha jioni huketi kwenye kiti kidogo cha watoto kusoma sarufi. Kitinda mimba wa miaka mitatu humsahihisha matamshi mbele ya wageni, bila huruma, na baba hurudia mpaka mwalimu wake aridhike.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto wa chini ya miaka 18 waliokijua Kihawaii vizuri hawakufika 50. Ripoti ya jimbo ya mwaka 2016 ilitaja watu zaidi ya 18,000 wanaokizungumza nyumbani. Na kati yao wamo wazazi waliofundishwa na watoto wao.